Je, Wajua? Sensei Wako Naye Ana Sensei Wake

Kijana wa Utemini, dada wa Mandewa, na wewe babu wa Ipembe unayempeleka mjukuu mazoezini kila jioni, sogeeni hapa. Leo ni zamu ya walimu wa karate: nani aliwafundisha, walikula nini, walisafiri hadi wapi na walihenyeshwa kiasi gani kabla mtu yeyote hajawaita sensei. Kaeni vizuri kwenye benchi, maana mengine ya leo yanaangusha mtu.

Je, wajua kwamba kisiwa kilichozaa karate ni kidogo kuliko Unguja? Kisiwa kikuu cha Okinawa, kusini kabisa mwa Japani, kina kilomita za mraba kama 1,200 tu. Mkoa wa Singida una zaidi ya kilomita za mraba 49,000! Okinawa ingeingia Singida mara 40, na mbuzi wangebaki na pa kuchungia.

Na karate ilifikaje kwetu? Mmoja wa waliotia mbegu kubwa ni Mmarekani mweusi, Sensei Nantambu Camara Bomani, aliyefundisha Dar es Salaam miaka ya 1970. Dojo yake, yaani ukumbi wa mazoezi, ilikuwa Zanaki, katikati ya jiji, na mtindo wake ulikuwa Goju-Ryu. Mtindo wa Wajapani, umeletwa Afrika na Mmarekani, ukapokewa na watoto wa Kariakoo. Umeona safari hiyo?

Miaka hiyo Dar ilikuwa imechangamka kwelikweli. Juni 1974 Waafrika kutoka pande zote za dunia walikusanyika pale Chuo Kikuu, Ukumbi wa Nkrumah, kwa Mkutano wa 6 wa Umajumui wa Afrika. Mwaka mmoja kabla, filamu ya Bruce Lee ya Enter the Dragon ilikuwa imetoka, na vijana wa dunia nzima wakawa wanarusha mateke mpaka vichochoroni.

Tukimtaja Bruce Lee, hili unalijua? Hakuwa mtu wa karate! Alianza na kung fu ya mtindo wa Wing Chun, akiwa kijana mdogo huko Hong Kong, chini ya mwalimu Ip Man. Halafu mwaka 1958 akawa bingwa wa Hong Kong wa kucheza cha-cha. Ndiyo, dansi!

Haya, tufuate mnyororo wa Goju-Ryu, twende kinyumenyume. Mwanzilishi wake ni Chojun Miyagi, aliyezaliwa Naha mwaka 1888 katika familia tajiri ya wafanyabiashara wa dawa. Pesa za kwao angeweza kuzilia raha maisha yake yote. Yeye alizimalizia kwenye karate.

Miyagi alipelekwa kwa mwalimu wake, Kanryo Higaonna, akiwa na miaka 14 tu. Alikaa naye miaka 13, mpaka mzee alipofariki mwaka 1915. Hebu jiulize: wewe umekaa na mwalimu mmoja miaka mingapi?

Na ulidhani siku ya kwanza alifundishwa kurusha teke? Wapi! Kwa Higaonna mwanafunzi mgeni alishikishwa kata moja, yaani mfuatano mmoja wa miondoko, iitwayo Sanchin, na miaka ya mwanzo ilikwenda na hiyohiyo. Unasimama, unavuta pumzi, unakaza mwili wote kuanzia vidole vya miguu, unasogea hatua tatu. Kesho tena. Mwaka kesho tena.

Higaonna mwenyewe alifundishwa wapi? China! Alizaliwa mwaka 1853, na akiwa kijana alipanda jahazi kutoka Naha akavuka bahari kwenda Fuzhou. Huko alikaa miaka kadhaa chini ya mwalimu anayekumbukwa kwa jina la Ryu Ryu Ko. Kwa hiyo kama sensei wako anafundisha Goju-Ryu, ngumi unayorusha jioni hii ilipita Fuzhou, ikapita Naha, ndipo ikaja kukupata Singida.

Je, wajua walikuwa wananyanyua nini enzi hizo, kabla ya vyuma vya dukani? Mitungi! Mitungi ya udongo yenye mdomo mpana, unaishika kwa ncha za vidole na kutembea nayo, na kila ukizoea unaongezewa mchanga ndani. Kifaa kingine ni jiwe lililochomekwa mti, unalizungusha mpaka mkono uwake moto. Kwa mawe tuliyojaaliwa hapa Singida, hakuna mwanafunzi wa kusema amekosa vifaa.

Shika na hii. Miyagi, mwanzilishi mzima wa mtindo, hakumpa mwanafunzi wake yeyote mkanda mweusi! Hata mmoja. Mpaka anafariki Oktoba 1953 hakuwahi kutoa dani, daraja la mkanda mweusi, kwa mtu.

Mwaka 1934 Miyagi alialikwa Hawaii kufundisha. Aliyemwita hakuwa mwanajeshi wala mfalme, alikuwa mhariri wa gazeti! Sisi wa magazeti tunaruhusiwa kutamba kidogo hapo.

Kisha vikaja vita. Mwaka 1945 mapigano ya Okinawa yalianza Aprili yakaenda mpaka Juni, na Miyagi akafiwa na baadhi ya watoto wake pamoja na mwanafunzi aliyemtegemea kuliko wote, Jin'an Shinzato. Unajua alifanya nini baada ya hapo? Alifundisha uani, nyuma ya nyumba, bila ukumbi wala paa. Katika ua ule walipita vijana waliokuja kuipeleka Goju-Ryu duniani kote.

Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa polisi, Ei'ichi Miyazato, ambaye alikuwa hodari wa judo vilevile. Alimwaga jasho la michezo yote miwili, na miaka ya 1950 akafungua dojo ya Jundokan mjini Naha. Jundokan ipo mpaka leo, na wageni wanapanga foleni kwenda kufundishwa pale.

Na Morio Higaonna, aliyezaliwa Naha mwaka 1938? Mwaka 1979 alianzisha chama cha Goju-Ryu cha dunia nzima. Alikianzishia wapi? Okinawa? La. Tokyo? La! Poole, mji wa pwani huko Uingereza.

Umeshawahi kuona filamu ya The Karate Kid, ya mwaka 1984? Yule mzee Miyagi anayemfundisha kijana kwa kumpa kazi ya kusugua magari amepewa jina la Chojun Miyagi huyuhuyu. Mwandishi wa filamu, Robert Mark Kamen, ni mtu wa Goju-Ryu. Na Pat Morita, aliyeigiza uzee ule wa hekima, hakuwa amejifunza karate kabla ya filamu! Palipohitajika mateke ya kweli aliingia Fumio Demura, sensei halisi.

Sasa tuhamie kwa mzee wa Shotokan. Hapa nitakaa sana, mnisamehe, maana huyu bwana nampenda.

Gichin Funakoshi alizaliwa mwaka 1868, mtoto njiti, mgonjwa mgonjwa, watu wakidhani hatakua. Alikufa mwaka 1957 akiwa na miaka 88! Katikati ya hapo ndipo aliposimamisha Shotokan, mtindo unaofundishwa leo karibu kila nchi.

Alitaka kuwa daktari, na mtihani alishafaulu. Kikwazo kikawa nywele! Serikali ilidai wanaume wanyoe kishungi cha kizamani, ukoo wake ukakataa katakata. Udaktari ukaishia hapo, akawa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka zaidi ya 30.

Karate alijifunza usiku. Siku zile ilikuwa ya siri, hivyo kijana alitembea gizani na taa mkononi mpaka kwa mwalimu wake, Azato, akarudi alfajiri. Majirani wakanong'onezana kwamba mtoto wa watu ameanza kwenda madanguro! Naye hakuweza kujitetea, kwa sababu siri ni siri.

Na huko kwa Azato alikuwa anafanya nini? Kata ileile moja, usiku kwa usiku, mwezi kwa mwezi, mwalimu amekaa anatazama. Ukikosea unaambiwa urudie, ukipatia unaambiwa urudie. Kata 3 za Tekki zilimchukua miaka 10! Wewe wa kulalamika kwamba umerudia kata moja wiki mbili, umesikia?

Hii ya paa ndiyo inayonimaliza. Siku moja kimbunga kilipopiga Okinawa, Funakoshi alipanda juu ya paa la nyumba akiwa na kitambaa kiunoni tu, mkeka mzito ameukamata kwa mikono miwili, akasimama kuupokea upepo. Upepo ukimwangusha anainuka, anasimama tena. Sisi wa Singida tunaujua upepo, lakini hapana, usijaribu.

Alipokwenda Tokyo mwaka 1922 kuonyesha karate alikuwa na miaka 53. Umri ambao wengine wanahesabu siku za kustaafu, yeye ndiyo kwanza anaanza! Alialikwa mpaka Kodokan, makao makuu ya judo, akaonyesha kata mbele ya mwanzilishi wa judo, Jigoro Kano mwenyewe.

Lakini mjini ni mjini. Pesa hakuwa nazo, akapewa chumba kidogo kwenye bweni la wanafunzi. Alilipia kwa kulinda geti, kufagia vyumba na kupalilia bustani. Na chakula je? Alimfundisha mpishi karate, mpishi akampunguzia bei ya chakula!

Mwaka 1924 Funakoshi alitoa dani za kwanza katika historia ya karate, kwa watu 7 tu. Yeye mwenyewe walimu wake hawakuwahi kumvisha mkanda wowote, kwa sababu wakati wao haukuwepo. Mkanda mweusi unaouota usiku ni mkopo kutoka judo!

Aliyeuanzisha utaratibu huo wa dani kwenye judo ni Kano. Utotoni alikuwa mdogo wa umbo na wenzake shuleni walimwonea, ndiyo maana akatafuta wa kumfundisha kujitetea. Mwaka 1882, akiwa na miaka 21, alifungua Kodokan ndani ya hekalu, penye mikeka 12 na wanafunzi 9. Mwaka 1909 huyo mtoto aliyeonewa akawa Mwasia wa kwanza kuingia Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki!

Walimu wa Funakoshi walikuwa wawili, Azato na Anko Itosu, marafiki wa damu. Itosu, aliyezaliwa mwaka 1831, alikuwa karani wa mfalme. Ni yeye aliyeitoa karate gizani akaiingiza shuleni mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1908 akaandika barua yenye nukta 10 kuieleza serikali faida zake. Kata za Pinan, zile za kwanza kwanza unazofundishwa kwenye mitindo mingi ukiwa mkanda mweupe, ni kazi ya mikono yake.

Kuna na mwalimu mwingine, Choki Motobu! Akiwa na miaka zaidi ya 50 alipanda jukwaani mjini Kyoto akampiga bondia wa kigeni. Mwaka 1925 jarida la King likaandika habari yake nchi nzima ikasoma, lakini mchoraji akachora sura ya Funakoshi! Motobu alikasirika, na ungekuwa wewe ungekasirika pia.

Chotoku Kyan alikuwa mfupi, mwembamba, na macho yake hayakuona vizuri. Akawa mmoja wa mabingwa wakubwa wa Okinawa wote. Alinusurika vile vita vya 1945, kisha njaa ikamuua Septemba mwaka huohuo. Hilo ukilisikia inabidi unyamaze kidogo.

Tunaendelea. Je, wajua kwamba kuna kozi ya kusomea ualimu wa karate? Chama cha Karate cha Japani, JKA, kiliianzisha miaka ya 1950, na wahitimu wa kwanza walikuwa 3 tu. Wanafunzi hawa walimwaga jasho siku nzima, kila siku.

Mmoja wa hao 3 ni Hirokazu Kanazawa. Siku chache kabla ya mashindano ya kwanza ya Japani nzima, mwaka 1957, alivunjika mkono. Mama yake alikuwa amesafiri kuja kumwona akipigana, sasa angemwambia nini? Aliingia na mkono uliovunjika, na akachukua ubingwa!

Mwaka uliofuata fainali ikamkutanisha na Takayuki Mikami, mwenzake wa kozi ileile. Walizungukana, wakatazamana, wakazungukana tena. Kila mmoja alijua hila zote za mwenzake, muda ukaongezwa, bado ngumi zikawa za kuhesabu. Waamuzi wakachoka, wakatangaza mabingwa wawili!

Turudi Afrika. Stan Schmidt wa Afrika Kusini alikwenda Tokyo miaka ya 1960 na kuingia mazoezi ya walimu wa JKA, mmoja wa wageni wa mwanzo kabisa kufika pale. Alipanda mpaka dani ya 8. Aliigiza filamu pia, na mwaka 1981 alionekana kwenye Kill and Kill Again.

Na jirani yetu wa Zambia, je? Steve Arneil alizaliwa Afrika Kusini lakini alikulia Zambia, enzi ikiitwa Rhodesia ya Kaskazini. Akafunga safari hadi Japani kwa Mas Oyama, mwanzilishi wa mtindo wa Kyokushin. Mei 1965 akapigana na watu 100 mfululizo, mmoja akitoka mwingine anaingia, na akamaliza wote! Ilichukua chini ya saa 3. Mia moja, ndugu yangu. Mimi hata kuhesabu watu 100 kunanichosha.

Oyama mwenyewe hakuzaliwa Japani. Alizaliwa Korea mwaka 1923, akaja Japani akiwa kijana, akajifunza Shotokan na Goju-Ryu, kisha akapanda mlimani kujifungia zaidi ya mwaka mzima akifanya mazoezi. Mtu anajitenga na dunia kwa ajili ya ngumi!

Olimpiki sasa. Karate iliingia mara moja tu, Tokyo, kwenye michezo ya 2020 iliyochezwa Agosti 2021. Paris 2024 haikuwepo tena. Lakini hiyo mara moja, acha kabisa!

Agosti 7, 2021, Feryal Abdelaziz wa Misri alishinda fainali ya uzito wa juu dhidi ya Iryna Zaretska wa Azerbaijan, pointi 2 kwa 0. Akawa mwanamke wa kwanza wa Misri kupata dhahabu ya Olimpiki katika mchezo wowote! Dada wa Mandewa, mwambie hilo yeyote anayekuambia karate ni ya wavulana.

Sandra Sánchez wa Hispania alichukua dhahabu ya kata akiwa na miaka 39. Na aliyemfundisha ni mume wake! Nyumbani wanaambizana nini asubuhi, sijui, lakini medali imeingia.

Kwa wanaume dhahabu ya kata ilikwenda Okinawa kwenyewe. Ryo Kiyuna akawa mtu wa kwanza wa Okinawa kupata dhahabu ya Olimpiki, na alipanda jukwaani na picha ya marehemu mama yake. Kocha wake, Tsuguo Sakumoto, alikuwa bingwa wa dunia mara 3 katika miaka ya 1980. Unaona? Bingwa amekanda bingwa.

Ndugu wa karate, yaani judo, naye yupo kwetu. Zanzibar kuna Mjapani, Tsuyoshi Shimaoka, ambaye kwa miaka mingi amefundisha judo vijana wa Unguja. Na Olimpiki ya Paris 2024, Andrew Thomas Mlugu alipanda mkekani kwa jina la Tanzania, judo ya kilo 73.

Je, wajua kwamba karate ina siku yake? Ni Oktoba 25, na bunge la Okinawa liliitangaza rasmi mwaka 2005. Oktoba 2016, kwenye barabara kuu ya Naha, watu 3,973 walifanya kata moja kwa pamoja, wakaingia kitabu cha rekodi cha Guinness. Jaza uwanja wa Liti kwa namna hiyo, halafu uniite!

Na hiyo ndiyo kazi yako ya jioni hii. Mazoezi yakiisha, mkishainamisha vichwa na kutoka mkekani, mfuate sensei wako taratibu, shikamoo kwanza, kisha umuulize: "Sensei, wewe alikufundisha nani? Na yeye alifundishwa na nani?" Andika majina kwenye daftari, lolote atakalokutajia, hata kama ni la mtu wa Dodoma au Tabora asiyejulikana na gazeti lolote. Ukifika jina la 5 au la 6, kuna uwezekano mkubwa utakuwa umeshafika Naha.